Tundu Chini ya Boti ya Nzilani

Nzilani aliuza maembe Kathiani miaka mingi kabla ya kununua boti, na huko alijifunza kwamba mteja akishaogopa, maneno hayamrudishi. Lazima umwonyeshe kitu.

Kiangazi kilichopita maji ya bwawa la Masinga yalishuka, boti yake ikagonga kisiki, na abiria wote wakahamia barabara ya mzunguko. Alibaki na mteja mmoja wa kuwinda: Hared, mchuuzi wa mbuzi, aliyetaka boti ya kuvusha mifugo kila siku ya soko. Akimkosa Hared, boti inauzwa.

Basi akanunua kipimo cha kina na mwendo. Kioo chake hukaa mbele ya nahodha. Kichwa chake, chenye kigurudumu kinachozungushwa na maji, hupitishwa kwenye tundu chini ya boti. Kutoboa boti nzima si mchezo. Alimwita Festus wa Mitaboni, fundi wa matangi ya maji, maana huku mafundi wa boti hatuna, wa matangi tunao.

Festus alitoboa, akapitisha kichwa, akaweka mpira upande wa ndani, akakaza nati.

"Hii haitatoa hata jasho," akasema.

Hared alipofika hakutaka hadithi. "Mama, mbuzi wangu hawajui kuogelea. Hata mimi. Nivushe mimi kwanza."

Wakaondoka watatu. Kioo kilisoma vizuri: mita nane, mita tisa. Nzilani aliongeza mwendo, namba ya pili, ya mwendo, ikapanda, Hared akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua kiatu.

"Mama, hapa chini kuna maji."

"Ni ya mvua."

"Mvua gani? Tuko kiangazi!"

Maji yalikuwa yanabubujika kando ya nati. Nzilani akageuka. "Festus! Mpira uliweka wapi?"

"Ndani, kama kawaida."

"Kwa tangi maji yako ndani! Hapa yako nje, wewe!"

"Aiya!" Festus akavua shati, akaligandamiza pale kwa magoti.

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Hared alianza kuomba dua kwa sauti. Ng'ambo ilikuwa mbali, nyuma pia. Nzilani alikumbuka kilima kilichozama upande wa kulia, ambako boti ingeweza kukaa chini bila kuzama, lakini visiki vilikuwa huko huko. Akapunguza mwendo, macho kwenye kioo. Mita sita. Nne. Ikaruka ghafla hadi moja. Akakata kushoto, na kisiki kikapita ubavuni bila kugusa. Mbili. Moja na nusu. Nusu mita. Boti ikalala kwenye matope, maji ya ndani yakiwa magotini.

Hared alishuka, akakamua kanzu yake.

"Boti yako ni mbovu, Mama."

"Boti ina tundu. Tundu linazibwa leo, mpira na silikoni kwa nje, ikauke vizuri. Lakini hicho kisiki ulikiona? Mimi nilikiona kabla hatujafika. Tafuta boti nyingine yenye inaona hivyo."

Hared alikitazama kisiki, kisha akahesabu siku kwa vidole.

"Soko ni Jumatano. Mbuzi nitaleta. Lakini huyu," akamnyooshea Festus kidole, "atakaa juu ya hiyo nati, kwenda na kurudi."

"Mimi siwezi kuogelea!" Festus akalia.

"Vizuri sana," Hared akasema. "Utaikaza."