Kisu cha Mama Mkwe

Mashine yenyewe waliiita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyeisogelea bila adabu. Ilikaa katikati ya karakana ya kujalidi vitabu, ndefu, yenye kelele, na kazi yake ilikuwa moja: kuvalisha vitabu migongo. Upande huu unaingiza bunda la kurasa zilizoshonwa, bado halina jalada. Koleo zinalibana, rola inalipaka gundi mgongoni, utepe wa shashi, kitambaa chepesi chenye matundu, unashuka, kisu kinaukata, tap! Halafu karatasi inabandikwa juu ya shashi, na upande wa pili kinatoka kitabu kisichoachia kurasa hata mtoto akikikokota sakafuni.

Aliyeiendesha asubuhi alikuwa Mama Shashi. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita vinginevyo, hata karani wa mishahara. Mwanamke mnene, mcheshi, mdomo hauna breki. Jumatano jioni mjukuu wake wa darasa la kwanza alikuwa amerudi na kitabu kipya cha kusomea, kakikumbatia, akauliza, "Bibi, hiki umekitengeneza wewe?" Mama Shashi akakinusa, akasema ndiyo, gundi yake aijua hata gizani. Mtoto akalala nacho.

Sasa sikiliza kilichompata Alhamisi yake.

Saa tatu asubuhi alisikia mlio usio wa kawaida. Haukuwa tap, ulikuwa tik, na hakujua umeanza lini. Akasimamisha mashine, akachungulia kisu. Pembe moja haipo! Kipande kama punje ya mchele kimekatika. Akatazama sakafuni, akapapasa chini ya rola, akakung'uta aproni. Wapi. Basi kimeingia palepale, kati ya shashi na karatasi, ndani ya mgongo wa kitabu kimoja kati ya mamia. Na vitabu vyenyewe, jamani, ni vilevile vya darasa la kwanza.

Sheria ilikuwa imebandikwa ukutani. Kisu kikivunjika, mashine inazimwa, na hupewi kingine mpaka umkabidhi msimamizi cha zamani pamoja na vipande vyake vyote. Msimamizi walimwita Rula, maana rula ya chuma haikutoka mfukoni mwake, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kupinda. Mama Shashi alikuwa na barua mbili za onyo tayari. Ya tatu ni ya kwenda nyumbani. Na asingekwenda peke yake, kwa kuwa mwaka uliopita alimdhamini binti yake ashike zamu ya mchana kwenye mashine hiyohiyo, na Rula alisema mbele ya watu, "Akikosea mmoja, mmeondoka wawili." Nyumba ya watu saba ilimtegemea Mama Mkwe.

Akafanya nini? Tusidanganyane, akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya. Kisu kilikuwa na makali pande mbili. Akakilegeza, akakigeuza, upande mbovu ukaenda nyuma. Akakaza skrubu, akawasha. Tap, tap, tap. Mambo safi.

Safi wapi! Kila kitabu kilichotoka alikiona kikiwa mikononi mwa mtoto, mtoto anapitisha kidole mgongoni, au anakitia mdomoni, maana watoto wa umri ule hutafuna hata penseli. Lori la kuvichukua lingefika saa tisa alasiri.

"Mama Shashi, leo vipi? Umenuna kama umekosewa hesabu ya mahari," mfungashaji alimtania akipita na mkokoteni wake.

"Jino tu," akajibu, na akacheka baada ya mwenzake kwisha kwenda.

Saa sita Rula alikuja kumpokea ili akale. Mapumziko ya zamu zote mbili aliyashika yeye, kwani watu watatu tu ndio walioruhusiwa kuigusa ile mashine: mama, binti na Rula. Mama Shashi hakula. Alijipenyeza stoo, akaanza kubonyeza migongo kwa kidole gumba, juu hadi chini, kitabu baada ya kitabu. Kila rundo lilichomekwa kikaratasi chenye siku, saa, na sahihi ya aliyekuwa kwenye mashine, lakini kwa kihoro alichokuwa nacho hakusoma chochote. Alivuta rundo lililo karibu, akabonyeza, akavuta jingine.

Kitabu cha mia na kitu kikamchoma. Damu! Hujapata kuona mtu akifurahia damu yake namna ile. Akachana karatasi kwa ukucha, akakitoa kipande, akakibusu, machozi yanamtiririka. Kisha akageuza kikaratasi cha rundo.

Kiliandikwa Jumatano, saa kumi jioni. Sahihi ilikuwa ya binti yake.

Akakaa juu ya mabunda. Kipande hiki si chake. Chake bado kimo humu.

Saa saba na nusu, Mama Shashi akiwa amesharudi kwenye mashine, binti alifika kupokea zamu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo huku." Akaiacha mashine ikizunguka tupu, akamvuta nyuma ya marobota ya karatasi, akafungua kiganja.

Binti alitoa macho. "Nilikitafuta mpaka nikalia, nikaiba kisu kingine kwenye boksi la Rula," akanong'ona.

"Jana tumekula sahani moja, tumelala chumba kimoja! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mama? Umenidhamini. Ungefukuzwa kwa ajili yangu."

Mama Shashi alifungua mdomo amfokee, akakumbuka kisu alichokigeuza. Akaufunga. "Na mimi nina changu," alisema. "Cha leo asubuhi. Sijakipata."

Wakatazamana, kila mmoja anamwogopea mwenzake. Binti akamshika mkono. "Tunyamaze. Vitabu elfu mbili vile, nani atajua?"

Na Mama Shashi alitaka kunyamaza, wallahi alitaka. Lakini gumba lilikuwa bado linavuja damu. Kidole hicho kilikuwa kigumu kwa miaka ya gundi ya moto, hata chai inayochemka hakikuisikia, na leo kimechanika. Akawaza kidole cha mtoto kilivyo laini. Akatoka nyuma ya marobota, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kitufe chekundu, akakipiga kwa kiganja.

Mama Mkwe akanyamaza. Karakana nzima iligeuka.

"Nani kaizima?" Rula alikuja mbio.

"Mimi. Kisu kimevunjika mara mbili. Kipande kimoja hiki. Kingine kimo stoo, cha saa tatu leo. Tulificha." Akasubiri kufokewa.

Rula hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alifuta uso kwa mkono. "Tafuteni rundo la saa tatu tu," alisema taratibu. "Mengine yaacheni."

"Tutabonyeza yote," Mama Shashi akasema. "Utanifukuza baadaye."

Watu ishirini na wawili wakavua glavu, wakabonyeza migongo. Hakuna aliyetania. Baada ya robo saa sauti ikaita, "Hiki hapa!" Kilikuwa kwenye rundo la saa tatu, na kilipowekwa kwenye pembe ya kisu kilikaa sawasawa. Wakashangilia. Binti akamwegemea mama yake, akilia.

"Ngojeni kwanza," mfungashaji akasema kutoka kona ya pili. "Na huku kipo."

Alikuwa ameshika kikaratasi, anakisoma, anakirudia. Jumatano, nusu saa ya mapumziko. Akakiinua watu waone sahihi.

Macho yote yakahamia kwa Rula. Alikuwa ameishika ile rula yake kwa mikono miwili.

"Visu vya boksi jipya ni vibovu," alisema. "Niliviagiza mimi. Vimekuwa vikinivunjikia tangu tulipolifungua Jumatatu, nami nabadilisha kwa siri. Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Hata sisi tulidhani hivyo," binti akasema.

"Kwa hiyo vimekwisha?" mfungashaji akauliza. "Vipande vitatu, vyote tunavyo?"

Rula akatikisa kichwa. "Cha Jumatatu sikukipata."

Hakuna aliyeuliza vitabu vya Jumatatu viko wapi. Wote walivipakia kwenye lori kwa mikono yao Jumatano alfajiri, na kufikia mchana vilikuwa vimegawiwa shuleni. Rula akatoa simu, vidole vinakosea namba. "Halo? Mwalimu mkuu? Wanyang'anyeni watoto vile vitabu. Vyote. Sasa hivi." Akasikiliza. "Wamekwisha kwenda nyumbani? Navyo?"

Mama Shashi alikuwa ameshaanza kufungua aproni. Kamba ilijikaza, akaikata kwa meno. Binti yake alimtazama, hajaelewa bado, kisha akaelewa, akapiga ukelele. "Mama! Kile kitabu! Kalala nacho!"

Wakatoka mbio wote wawili, na mlango wa karakana wakauacha wazi.