Mutoto niliyemupa jina la baba yangu

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza saa nane ya muchana, na mupaka sasa ninapoandika haijakatika.

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, commune ya Kampemba. Nitasema kile nilichofanya mimi mwenyewe, bila kupunguza. Masomo yangu ni kidogo, pale nitakosea mutanisamehe.

Kwetu, mutoto mwanaume wa kwanza anapewa jina la babu yake. Na mwenye jina la baba yako, unamwita Papa.

Wangu iko na miaka tisa. Jina ni Ilunga, kama baba yangu. Mimi ninamwita Papa, yeye ananiita Papa. Bantu banachekaka.

Baba yangu alitupigaka. Siku moja alinifungia inje na mvua mupaka asubuhi, juu ya kandambili nilipoteza. Nilikuwa na miaka saba. Sikumwambiaka muntu.

Lakini niseme pia: alifanya kazi ya mugodi kule Kipushi, na hatukulala njaa hata mara moja. Naye, baba yake alimupigaka na munyororo wa kinga, ile baiskeli. Sijui nimuhukumu namna gani.

Leo Papa mudogo aliacha gunia la makala ya kupikia inje, yote ikalowana. Nikamuuliza. Akanyamaza, akaniangalia tu. Baba yangu alinyamazaka hivyo hivyo mbele ya kuanza kupiga.

Nikatoa mukaba, nikaanza kupiga.

Muke wangu akashika mukono wangu.

"Baba Ilunga, unapiga nani?"

"Hauone makala?"

"Makala hauiseme hata. Unasema 'ulinifungia inje, ulinifungia inje'. Huyu mutoto alikufungia lini?"

Wakuu, sikujua kama nilikuwa ninasema. Mutaona ninatafuta kisingizio. Labda. Mukono ulikuwa wangu.

Mutoto alikuwa amekimbia, miguu bila kitu. Nikabaki ninaangalia mulango: mimi ndani, yeye inje na mvua.

Nikamutafuta. Alikuwa kwa jirani, mama mumoja wa Goma anayeuzisha mafuta.

"Papa mukubwa," akaniambia, "Papa mudogo anakatala kutoka. Anauliza mukaba iko wapi."

Nilikuwa nimeuvaa tena. Nikautoa, nikamupa yule mama aubakishe.

"Na suruali ikianguka njiani?" mama akauliza.

Mutoto akacheka kidogo, halafu akaacha. Tulirudi, mukono mumoja nashika suruali. Ule mwingine, mutoto hakuushika.

Niliwazaka kumupa mutoto ile jina ni kumusamehe muzee. Kumbe kosa lake sikuliongeleaka na muntu, likakaa, likamungojea mutoto.

Bale mulipigwaka na leo muko na batoto, munafanya nini wakati mukono unaanza? Na mwenye kuona nimekosa kabisa, aseme pia, nitasoma.

Makala haikuwaka. Tulikula mukate na kalanga. Papa mudogo alikula karibu na mulango, kandambili miguuni.