Évariste, Mvuta Rada wa Turffontein

Mume wangu Évariste ni mbishi, na ubishi wake nimeulalamikia tangu kwetu Uvira. Hapa ugenini, mtaa wa Turffontein, alilinda maduka miaka sita. Mwaka 2017 akapata kazi ya kuvuta rada, kigari kinachopeleka mawimbi ardhini na kuonyesha palipowahi kuchimbwa. Nikamcheka: ametoka kulinda walio hai, sasa anatafuta wafu.

Agosti ile yeye na wenzake walitafuta makaburi ya vibarua katika shamba moja kusini mwa jiji. Mawe ya makaburi yaliondolewa zamani, na mwenye shamba alitaka kujenga nyumba. Gogo Nokuzola, bibi wa miaka themanini, aliapa kwamba mama yake amelala pale. Rada isipoona kitu Jumamosi hiyo, Jumatatu tingatinga lingeingia.

Niliwapelekea chakula mchana, nikakuta nyuso zimekunjamana. Tangu asubuhi walikuwa wamevuta mistari kutoka mashariki hadi magharibi, wakiachanisha mita moja moja, na kioo cha rada hakikuonyesha chochote. Gogo alikaa juu ya ndoo. Roho iliniuma.

"Wacha tufunge," alisema Keziah, bosi wao Mkenya. "Siwezi andika kitu sijaona."

"Hapana, Madame," mume wangu akasema. "Baba yangu alikuwa anachimbaka makaburi ya parokia. Wakristo banalalaka kichwa magharibi, siku ya ufufuo baamuke bakitazama jua. Sisi tunavuta vile banalala, tunapita katikati yabo! Tuvute kwa kubakata."

Keziah alijipiga paji la uso. "Eish! Na mimi ni mtoto wa pasta!"

Wakageuza kamba za kuongozea mistari. Évariste akavuta kutoka kaskazini kwenda kusini, taratibu, akikatiza pale walipopita asubuhi. Hatua ya tisa Keziah akapiga kelele. Kwenye kioo ukatokea upinde, alama ya palipochimbwa, kisha wa pili, kisha wa tatu, kwa safu. Kufikia saa kumi walikuwa wamechomeka bendera kumi na nne. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa kunipa mume mbishi.

Keziah akampigia mwenye shamba simu palepale. "Makaburi ni kumi na nne. Tingatinga lisije."

Rada haijui majina. Gogo aliyajua. Alipita bendera moja moja akiita watu wake, na Évariste akiandika. Kwenye ya kumi na moja alivua viatu, akapiga magoti.

"Mama," akasema kwa Kizulu chake, "endelea kulala."