Shikamoo ya Aloyce

Feliciana wa Ipelele aliolewa na mwalimu wa historia, na habari za Wahindi alizisikia mpaka zikamchosha. Walivyotembea kwenda baharini kujiokotea chumvi yao wenyewe, walivyopigwa na askari wa Mwingereza wasirudishe mkono. Mwalimu Nahumu aliyafundisha hayo Makambako hadi akastaafu, akarudi nayo nyumbani pamoja na redio yake. Na huko kutotumia nguvu alikushika kwelikweli: jembe hakulinyanyua hata siku moja. Viazi vyote vya nyumba ile vilikuwa jasho la Feliciana.

Mwaka huu wanunuzi wakazidisha lumbesa. Gunia likishajaa wanaliongezea kilemba cha viazi na kukifuma kwa kamba, kisha wanalipa bei ya gunia lilelile. Mwalimu akasimama nje ya kanisa baada ya ibada, akawaambia watu: hakuna kuuza lumbesa, hakuna matusi, hakuna ngumi, kila mtu akae na viazi vyake. Watu wakaapa. Feliciana aliona fahari, na kumwonea fahari mumewe lilikuwa jambo geni kwake. Viazi vilikuwa vimeanza kuchipua ghalani. Akasema, na vichipue.

Lori lilipofika, watu walikaa kimya kando ya magunia yao yaliyoshonwa bila kilemba. Mnunuzi, Aloyce, kitambi mbele, hakugomba na mtu. Alimwendea mwalimu moja kwa moja, akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu wangu. Ulinifundisha kidato cha pili."

"Marahaba, mwanangu!" Mwalimu akaumuka kama andazi.

"Kwa heshima yako, mwalimu, magunia yako nitayachukua hivyohivyo, bila lumbesa. Ya kwako tu, lakini."

Feliciana alingoja mumewe acheke. Mumewe akawageukia watu, akanyoosha mikono kama mchungaji anayebariki.

"Ndugu zangu, tumeshinda!"

Tumeshinda! Watu nao walipoona magunia ya kiongozi yanapanda lori, hawakungoja amina. Walewale walioapa kanisani walikimbilia kamba, wakajifumia lumbesa kwa mikono yao wenyewe, wakisukumana nani apakie kwanza. Feliciana aliwatazama akatamani kutema mate. Mijitu mizima!

Akaparamia lori. "Shusheni viazi vyangu."

Wapakiaji wakabaki kumtazama Aloyce. Feliciana hakuwasubiri, alivuta gunia lake, akalisukuma likaanguka chini, pu! Akafuata jingine, na jingine.

"Mama Amon, unaniaibisha," mwalimu alinong'ona huku akitazama pembeni. "Vitaoza hivyo."

"Na vioze."

Lori likaondoka na viazi vya kijiji kizima isipokuwa vyake. Aloyce alipunga mkono dirishani, na mwalimu, bila haya, naye akampungia. Feliciana alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Baba Amon," alisema, "Wahindi wako walivunjwa mbavu wasisogee. Wewe umeamkiwa tu."