Hatuibi, Mama

Mume wangu alikuwa mkulima na mchuuzi wa miraa huko Mikinduri, na sokoni hapakuwa na mtu wa kumdanganya. Angeshika fungu moja tu akakwambia lilichumwa jana. Mtu huyo huyo ndiye aliyeacha watoto wetu wafukuzwe shule kwa kukosa karo, kwa sababu ya gurudumu la kasino moja pale Meru mjini.

Siku moja mchana nilimfuata. Nilimkuta ameinamia meza, soda ya bure mkononi, macho kwenye kigololi kinachozunguka. Hakunitazama. Nikaenda moja kwa moja kwa meneja, kijana wa tai na marashi.

"Mnamwibia mume wangu. Hicho kigurudumu mmekifanyia nini?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma.

"Hatuibi, mama. Njoo uone." Akanionyesha vishimo thelathini na saba. "Ukiweka mia kwa nambari moja na kigololi kikaingia hapo, unaondoka na elfu tatu na mia sita. Vishimo vingekuwa thelathini na sita, tungekuwa sawa na nyinyi. Hicho cha kijani, cha sifuri, ndicho chetu."

"Na akishinda?"

"Namletea soda nyingine. Akae tu. Akikaa sana, kishimo kitafanya kazi yake."

Alisema hayo kwa upole wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilitamani kumzaba kofi. Mwizi angekimbia, huyu alinifungulia mlango nikitoka.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote. Akacheka kwa furaha. "Unaona? Hata wewe umehakikisha hawaibi. Ni bahati tu, na bahati hugeuka."

Hapo ndipo nilipomchukia, nasema wazi. Kesho yake niliwapitia wanunuzi wake, nikawaambia miraa ya shamba letu italipiwa mkononi mwangu, asiyetaka atafute kwingine. Shemeji zangu walikuja wakafoka uani kwamba kwa mila mwanamke hagusi miraa. Niliwaambia walipe karo wao. Wakaondoka.

Mume wangu alihamia kwa dada yake anayeishi Embu, akanisema vibaya huko mpaka dada mwenyewe akachoka naye. Alirudi amekonda, akasimama mlangoni kama mgeni. Nilimpa chakula. Pesa za miraa hajazishika tena, na akiziulizia simjibu.