Kompyuta ya Baba Ilipokuwa Ikiganda

Wenzangu mliokulia Kizwite, pale Sumbawanga, kabla ya simu za kupangusa, mtanielewa. Enzi zetu sweta la shule ndilo lilikuwa la nyumbani na la kanisani. Upepo wa Juni ulipita chini ya mlango ukatukuta tumejibana jikoni, tunagombea ukoko wa ugali wa ulezi huku moshi ukitutoa machozi. Tulicheza rede mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini kwetu kulikuwa na kitu ambacho hakuna jirani aliyekuwa nacho: kompyuta ya mezani.

Baba, mwalimu wa shule ya msingi, aliipata pamoja na printa yake kwa kubadilishana na ng'ombe wawili wa kulimia. Mama hakumsamehe. Hata hivyo aliifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, maana kitu cha thamani hakikai uchi sebuleni. Na kila ilipoganda, alisema akiwa hukohuko jikoni, "Ng'ombe wangu hawakuwahi kuganda."

Na iliganda kweli. Uliandika vizuri kwa muda, halafu herufi zikaanza kuja kwa kuchelewa, moja moja, kisha mshale ukakwama katikati ya kioo. Ulibonyeza kila kitu, kimya. Ilibidi kuizima kwa nguvu, na ulichoandika ndiyo basi tena. Watoto wa leo simu ikizunguka sekunde tatu wanaona dunia imewaonea. Sisi tulikaa mkekani tukaingoja kompyuta kama watu wanaongoja mgonjwa azinduke.

Tulikuwa mabinti wawili tu. Dada yangu Skola alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mwaka ule alikuwa akiandika barua ya kuomba nafasi kwenye chuo cha uuguzi. Barua ilitakiwa iondoke na basi la keshokutwa. Mama alishauri ikachapwe mjini, Baba akakataa katakata: mwenye kompyuta hachapiwi. Skola akaiandika mara tatu, mara tatu ikaganda. Mara ya tatu alilaza kichwa mezani akalia.

Baba alisema ni virusi. Akaanza kuvisafisha, ikaganda katikati ya kusafisha. Akafuta michezo yote ya karata, nikanuna, ikaganda vilevile. Skola akapangusa machozi, akachukua daftari na kuandika kila saa ilipowashwa na kila saa ilipoganda. Kesho yake mchana akasema, "Baba, asubuhi inadumu, mchana haidumu. Ikipumzika inapona. Nadhani inapata joto."

"Joto? Sumbawanga hii?" Baba alicheka mpaka akavua kofia yake ya sufu.

Skola hakubishana. Alichomoa waya ukutani, akachukua bisibisi ya cherehani ya Mama, akafungua sipiyu. Feni iliyokuwa ndani ilikuwa imefunikwa na vumbi zito lililochanganyika na makapi ya ulezi. Tulikuwa tunapepeta ulezi uani, mbele ya dirisha la sebule, na upepo ulikuwa ukiyaingiza makapi ndani. Matundu ya nyuma ya kupumulia nayo yalikuwa yamezibwa na kitambaa cha Mama.

Baba hakucheka tena. Alikwenda mwenyewe kuleta pampu ya baiskeli. Tulipiga magoti sakafuni wote wanne, huyu anapuliza, yule anapangusa kwa brashi. Mama alikikunja kitambaa chake. Tulipoiwasha, feni ilivuma kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Skola akaandika, na sisi nyuma yake hatupumui. Akafika kwenye jina lake chini kabisa. Haikuganda.

"Haya," Mama akasema, "sasa mle."

Chuo kilimkubali. Siku alipopanda basi na sanduku lake la bati, ndipo nilipoelewa kwamba furaha yote ile pale sakafuni ilikuwa ya kumsafirisha. Aliajiriwa Mwanza, akaolewa hukohuko. Baba na Mama tumekwisha kuwazika. Nyumba nimebaki nayo mimi.

Wiki iliyopita kompyuta ninayofanyia kazi ilianza kusuasua, kisha ikaganda. Sikuhitaji kuuliza mtu. Niliandika saa zake, nikaifungua, nikatoa vumbi, nikairudishia kifuniko, ikabaki skrubu moja. Nusu saa tu. Ilipowaka, niligeuka kusema, "Imekubali!" Sebule ilikuwa tupu.

Nikapiga simu. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Niko wodini, nitakupigia."

Enzi zile kompyuta ilikuwa moja, tena mbovu, na watu wanne walipiga magoti kuizunguka. Siku hizi kila mmoja wetu ana yake, nzima. Nilikaza skrubu ya mwisho, nikaenda kuchemsha chai ya kikombe kimoja.