Siku Papa Alipoisalimu Ngoma ya Wajapani

Jirani yangu wa juu, hapa Berea mjini Durban, ni mama mmoja wa Bukavu, na kila Jumamosi anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Kinu amekiweka sakafuni juu ya gunia, akidhani gunia litameza sauti. Halimezi kitu. Du, du, du inashuka mpaka kifuani mwangu, vijiko vinacheza ndani ya glasi, na mimi, badala ya kupanda kugombana kama wengine, naketi kitandani nikimkumbuka Papa, baba yangu, akiwa pekupeku mbele za watu.

Papa alikuwa mtu wa ngoma. Kwao Burundi, kwenye kilima kimoja karibu na Gitega, ngoma ilikuwa mali ya ukoo: babu alimkabidhi Papa, na Papa alipaswa kunikabidhi mimi. Ila vita vilitukimbiza, na mtu hawezi kubeba ngoma na mtoto kwa mgongo mmoja. Nikabebwa mimi. Nilipenda sana kuisikia hadithi hiyo, kwa kuwa ndani yake mimi ndiye niliyeshinda.

Huku Durban, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya tisini, Papa alilinda magari kwenye pakingi ya ukumbi mmoja mkubwa upande wa South Beach. Nyumbani alinifundisha midundo kwa viganja, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka Mama alalamike: "Eh, Papa Désiré, ndoo yangu iko na ufa sasa! Maji nitachota na ngoma?" Papa alicheka, lakini alisema ndoo ni ndoo tu. Mtoto hawi mtu wa ngoma mpaka akabidhiwe mirisho, zile fimbo nene za kupigia, mbele ya ngoma ya kweli, wapigaji wakiwa wamesimama kushuhudia. Na kabla mtoto hajaigusa ngoma, baba yake lazima aisalimu kwanza. Yeye alikabidhiwa akiwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na tisa, na katika mji wote ule hatukuwa tumeona ngoma ya kumsimamisha mtoto mbele yake.

Basi wakaja Wajapani. Shule yetu ya Sydenham ikapewa tiketi, kila mtoto na mzazi mmoja. Papa akamwomba Tonton Bosco, Mkongomani waliyelinda naye, amshikie nafasi mchana ule.

"Wajapani na ngoma?" Bosco alishangaa. "Wale si watu wa redio na Toyota? Uangalie vizuri kama haiko na betri."

Ukumbini kulinukia zulia jipya na baridi ya mashine. Taa zikazimwa, na pigo la kwanza likaja, si masikioni, bali tumboni. Kulikuwa na ngoma za kila ukubwa, na nyuma yake moja iliyolazwa juu ya vigingi, kubwa kama tangi la maji. Wapigaji walifunga vitambaa vichwani, miguu wameipanua kama watu wanaosukuma gari. Na wanawake walikuwamo! Kwao Papa mwanamke haigusi ngoma. Akasema polepole, "Kila mtu na kwao." Kisha mzee mmoja mwembamba akaisimamia ile kubwa, na Papa akalishika goti langu, akawa analipigia kumwitikia. Jioni goti lilikuwa limevimba. Sikulalamika.

"Wanaijua," alininong'oneza. "Angalia miguu yao, Désiré. Wanaijua!"

Mwishoni mkalimani akatangaza kwamba watoto wanaweza kupanda jukwaani kujaribu. Wenzangu wakatimka mbio. Papa akanishika bega.

"Si kwa mbio. Twende."

Kwenye ngazi alivua viatu, akanipa nivibebe. Tukapita katikati ya watoto waliokuwa wakipigapiga ovyo. Mbele ya ile ngoma kubwa Papa akapiga magoti, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi ya taratibu, akiiambia ngoma kwa Kirundi jina lake, jina la babu, na jina langu.

Nyuma yetu kicheko kikaanza, kidogo kidogo, kama mvua kwenye bati. Mtu akasema, "Huyu si yule wa pakingi?"

Yule mzee hakucheka. Aliacha kujifuta jasho, akainama chini kabisa, akamnyooshea Papa zile fimbo kwa mikono miwili. Papa naye akanyoosha yake. Hapo ndipo kijana wa ukumbi alipomkamata kiwiko. Watoto tu, baba. Shuka. Papa akajaribu Kifaransa, akajaribu Kirundi, akajaribu Kiswahili, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango usio wake. Mzee akamtazama mkalimani. Mkalimani akatikisa kichwa. Mzee akarudisha fimbo zake.

Waliniambia mimi nibaki. Ningebaki vipi? Salamu ilikuwa haijaisha. Nikashuka na viatu mkononi.

"Eish, Papa Désiré, mbona mapema?" Tonton Bosco alipaza sauti. "Betri imekwisha?" Halafu akaiona miguu ya Papa, akamvalisha fulana yake ya njano ya kazi.

Magari yakaanza kutoka, Papa akiyaongoza. Mwishowe likaja basi dogo la Wajapani. "Kuja, kuja, kata!" Kwenye dirisha alikaa yule mzee. Kioo kikashuka, mkono ukatoka, sarafu ikaanguka kwenye viganja viwili vya Papa.

Nilikimbia. "Amekukumbuka?"

Papa alilitazama basi mpaka likapita robot, zile taa za barabarani.

"Amekukumbuka weye," akasema. "Amesema hii ni ya mtoto wa ngoma."

Jamani, nililala na sarafu ile chini ya mto! Niliitangaza shule nzima. Nilijipangia safari ya Japani, na mzee ananingoja uwanja wa ndege na fimbo mkononi.

Miaka baadaye, mgongo wa Papa ulipoharibika, mimi ndiye niliyevaa fulana ya njano. Jumapili ya kwanza, gari la shemasi wetu likaja, mtu tuliyekuwa tunashika naye kitabu kimoja cha nyimbo kanisani. Nikamwongoza atoke. Mkono ukapita dirishani na sarafu. Uso ulikuwa tayari unaangalia barabara. Nikasema, "Asante, Papa Shemasi." Kioo kilikuwa kimeshapanda.

Hakuwa mtu mbaya. Aliiona fulana, basi. Hata yule mzee aliyeinama mpaka chini, dirishani aliiona fulana; lile neno la mtoto wa ngoma lilikuwa la Papa mwenyewe.

Nilipofika nyumbani Papa aliuliza kazi imekwendaje. Nikamwambia watu walikuwa wema, shemasi amenitambua, na amemsalimu sana. Alinitazama usoni, kisha akageukia ukutani, akasema na yeye anamsalimu.